Mimi Mkia, Trevor Kichwa, na Geti la Mzee Aubrin

Vijana wangu, nawaona mnavyocheka nikishuka ngazi za stesheni ya Hayes kinyumenyume. Chekeni. Siku magoti yenu yatakapowagomea mtanikumbuka. Mimi sijazeeka, nimechakaa tu, na aliyenichakaza ana jina: anaitwa Trevor. Mwenzake wa ofisini anaitwa Clive. Nawataja mapema ili msije mkasema huyu papa anaongea mafumbo.

Nilisoma mpaka darasa la tano, kule Uvira, Kongo, kabla mambo hayajaharibika. Kwa hiyo mkikuta sentensi imekaa upande, isukumeni ikae sawa, msonge mbele.

Kazi yangu ilikuwa kutembea nyuma. Kampuni moja ya hapa London ilikuwa inawachukua watu kwa basi, wengi wao Waingereza waliostaafu, inawavusha bahari mpaka kijiji kimoja cha kale cha Ufaransa kilicho kando ya mto. Pale kuna njia ya kutembelea mambo ya zamani: kinu cha maji, kanisa, mahali pa kufulia, ukuta wenye alama za mafuriko, nyumba ya mvushaji wa mtoni, mwisho daraja. Kila mahali pana kibao cha maelezo. Mbele anakwenda kiongozi na mwavuli mwekundu. Huyo ndiye Trevor. Nyuma kabisa anakwenda mtu wa kuhakikisha hakuna aliyepotea, hakuna aliyeanguka, na hakuna aliyeingia baa akajisahau. Huyo ndiye mimi. Dereva alituita Kichwa na Mkia. Mimi jina langu ni Bahati, lakini Trevor alilishindwa tangu siku ya kwanza, akaniita Barry.

Binti yangu Esther, ambaye namsemesha Kiswahili naye ananijibu Kiingereza, aliwahi kuniuliza, "Baba, kwa hiyo walikuwa wanakulipa utembee polepole?"

Ndiyo, mwanangu. Na ni kazi ngumu kuliko kukimbia. Ninyi mnaovaa saa za kuhesabu hatua, jaribuni siku moja kutembea nyuma ya mtu mwenye nyonga ya bandia bila kumkanyaga, bila kumpita, na bila yeye kujua kwamba unamngoja. Saa yako itadhani umekufa.

Aliyenifundisha ni Bi Harjit, Mpunjabi wa Southall aliyezaliwa Nakuru. Kiswahili chake cha Kenya kilinichekesha, na changu kilimchekesha zaidi. Safari yangu ya kwanza nilimwambia bibi mmoja wa Kiingereza, "Twende haraka kidogo, tafadhali." Harjit akanivuta pembeni, akanishika sikio kabisa kama mtoto.

"Wewe, hiyo haraka umeitoa wapi?"

"Lakini wenzake wameshafika kanisani."

"Kanisa limekaa hapo tangu zamani, litahama leo? Sikiza. Mzee haambiwi haraka. Mwambie ni wewe umechoka, mwombe mpumzike pamoja. Atakuonea huruma, atakaa chini, na hatakuwa ameshindwa."

"Nidanganye kila safari, Bi Harjit?"

"Ngoja tu. Magoti yako yatafika hapa yangu yalipo. Itakuwa ukweli."

Imekuwa ukweli.

Mengine nilijifunza mwenyewe, nawapa bure. Mzungu mtu mzima akichoka hasemi amechoka. Anasimama anapiga picha ukuta. Akipiga ukuta wa pili ambao hauna hata dirisha, mtafutie benchi. Akianza kukisoma upya kile kibao cha kanisa alichokipita, ana kiu. Mifukoni weka biskuti, kamba za viatu, pini, na mfuko wa plastiki wa kukalia, maana mabenchi ya kando ya mto huwa mabichi hata jua likiwaka. Ukiingia duka la mkate la Ufaransa ukauliza choo kabla ya kusalimu, choo kimeharibika. Ukisalimu kwanza, kimepona. Na pale mahali pa kufulia, mawe yamelainishwa na sabuni za wanawake wa miaka mingi. Mwenye fimbo mpitishe upande wa ukuta, upande wa mto ukae wewe. Mimi niliwahi kuingia mtoni mpaka kifuani, na yule bibi niliyekuwa namlinda akainama juu yangu akauliza kama maji ni ya baridi.

Zamani Trevor alikuwa anasimama kwenye kibao, anangoja watu wote wafike, ndipo anaongea. Halafu ofisi ikaleta vidude vya kuvaa masikioni. Trevor akawa anaongea huku anatembea, wageni wanamsikia hata wakiwa mbali. Tangu siku hiyo hakumngoja mtu tena. Mwavuli mwekundu ukawa kama ndege, unauona ukikata kona, basi. Mkia hakupewa kidude. Clive alisema ni vya wageni. Kwa hiyo mimi sikujua Trevor anasema nini huko mbele. Nilijua tu kwamba wakifika ukutani, pale penye alama za mafuriko, wageni wote walicheka.

Basi mwaka mmoja wakaja watu wetu. Kikundi cha akina mama wa kanisani, Wakongo watupu, wanaofanya kazi za kulea wazee na kusafisha maofisi hapa London, wakakodi basi zima. Waliyemfanya mkubwa wao ni Mama Nabintu, mnamjua wengine wenu, yule ambaye akipita mnaficha simu. Walitaka kuona Ufaransa ile ya vitabu vya shule ya msingi, yenye kinu na kengele na mto. Ile Ufaransa ya vituo vya treni na foleni za makaratasi walishaiona, hawakuipenda.

Trevor hakuwapenda tangu asubuhi. Vidude vyake havikuingia juu ya vilemba, ikabidi aongee kwa sauti. Akina mama walimsalimu kila mtu kijijini: mwuza mkate, fundi wa rangi, hadi mbwa. Na salamu zetu mnazijua, si neno moja. Unauliza usingizi, unauliza watoto, unauliza magoti. Trevor alikuwa anaitazama saa yake kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Barry, wasukume kidogo," akaniambia.

"Hawasukumiki," nikasema. "Mimi mwenyewe nimeoa mmoja wao."

Tukapita ukutani. Mimi nikabaki nyuma na Mama Furaha, ambaye kiatu kilikuwa kinambana. Niliona kilemba cha Mama Nabintu kikigeuka kuelekea kwa Trevor, pole pole. Safari hii hakuna aliyecheka.

Nilipokata kona ya nyumba ya mvushaji, nikakuta watu wote wamesimama. Geti limefungwa. Lina mnyororo mpya.

Hapa niwaeleze, mjue kilichokuwa mezani. Njia ile ilipita ndani ya ua wa mtu, kati ya nyumba yake na mto. Mwenyewe ni Mzee Aubrin, mjane wa zaidi ya miaka themanini, mtoto wa yule mvushaji anayeandikwa kwenye kibao. Tulipita kwa ruhusa yake tu. Akifunga, njia imekatwa katikati, na kuzunguka ni barabara kuu ya malori isiyo na hata ukingo wa kukanyaga. Clive alishatuambia: geti lile likifungwa, safari ya kijiji kile inafutwa. Trevor angepewa safari nyingine. Mkia hauhamishwi. Mimi ningerudi ghalani, kubeba maboksi kando ya uwanja wa ndege, na mgongo wangu ulishaapa kwamba hautarudi kule.

Mzee Aubrin alikuwa upande wa pili wa geti, ameshika mbao zake kwa mikono miwili. Alikuwa anaongea Kifaransa.

"Anasema nini huyu?" Trevor akaniuliza. "Mwambie tuna kibali."

Kumbukeni, ofisini Trevor aliwaambia anajua Kifaransa. Alijua kuagiza kahawa. Ilikuwa inakuja chai.

Kabla sijafungua mdomo, Mama Nabintu akanigeukia. "Papa Esther, sisi tumemsikia. Kifaransa tunajua. Na Kiingereza tunajua. Kwa hiyo tumemsikia huyu, na dakika tano zilizopita tumemsikia huyo mwingine. Kuna maneno mawili hapa, na moja ni la uongo."

"Maneno gani, mama?"

"Huyu mwenye mwavuli anawaambia watu kwamba baba wa huyu mzee, wakati wa mafuriko, alimpakia nguruwe kwenye mashua akamwacha padri afe maji. Ndicho kichekesho chake. Na mzee anasema mjukuu wake amejifunza Kiingereza shuleni, juzi alikuwa kule ukutani, akasikia. Miaka yote hii watu wanapiga picha mlango wake, yeye akidhani wanaupenda mlango. Kumbe wanapiga mlango wa muuaji."

Vijana, jambo hilo mimi nalijua. Maana kule kwetu uongo juu ya baba wa mtu ulitosha kuchoma nyumba. Yetu ilichomwa. Aliyeusema ule uongo anaitwa Songolo, fundi wa saa, nasikia bado anapumua. Haya, tuendelee.

Trevor alisema turudi, tukazunguke kwa barabara. Mama Nabintu akamtazama kuanzia viatu mpaka mwavuli.

"Hatupiti barabara ya malori. Na hatupiti kwa mtu tuliyemkosea bila barza."

Ninyi mliozaliwa hapa, barza ni hivi: watu wakikosana, wanakalishwa. Mkosaji anatajwa jina mbele ya macho yake, aliyekosewa anaongea mpaka amalize, hakuna kuondoka. Akina mama wakatandika vitenge vyao palepale njiani, wakakaa, miguu imenyooshwa. Nyuma yetu wakafika vijana wawili wa Kifaransa kwenye baiskeli. Hawakuweza kupita. Mama Furaha akawapa maandazi, nao wakakaa.

Mzee Aubrin aliniuliza mimi, "Hawa wanafanya nini?"

"Wamekuja kukuomba radhi, baba. Lakini kwanza wanamshitaki huyu."

"Hapa?"

"Hapa hapa. Hawana mahali pengine."

Akaingia ndani. Nikajua imekwisha, nikaanza kuyaona maboksi. Kumbe amefuata kiti. Akakiweka upande wake wa geti, akakaa, akafungua kifungo cha juu cha shati.

"Trevor," Mama Nabintu akaanza, kwa Kiingereza. "Simama hapa katikati. Ile hadithi ulipewa na nani?"

"Nilisikia baa. Ni mzaha tu, mama. Watu wanaupenda, wanacheka."

"Vizuri. Mwambie mwenyewe, usoni, tuone kama naye atacheka."

Trevor akanisogelea, akaninong'oneza. "Barry, usitafsiri hivyo hivyo. Mwambie ni mambo ya kutoelewana. Utakumbuka nani anaandika ripoti yako."

Alikuwa anasema kweli. Ripoti zangu aliandika yeye, na Clive alizisoma kama Injili. Geti likibaki limefungwa, kazi imekwenda. Nikimwaibisha Trevor, kazi imekwenda vile vile. Nikaona bora iende na geti likiwa wazi. Nikageuka kwa Mzee Aubrin, nikamweleza yote kwa Kifaransa changu cha Uvira: nguruwe, padri, kicheko cha wageni, na mwisho nikaongeza kwamba huyu bwana ameniomba hivi sasa nisimwambie vizuri. Akina mama wakaguna kwa sauti moja. Wale wa baiskeli pia.

Mzee alikifunga tena kile kifungo cha shati. Halafu akasema, "Nguruwe alikuwepo."

Trevor hakuelewa, lakini alivyoona nimeshtuka akafurahi.

"Nguruwe alikuwepo," mzee akarudia. "Alikuwa wa padri mwenyewe. Mashua ilikuwa ndogo. Baba alimwambia padri, panda. Padri akasema: mchukue huyu kwanza, mimi naweza kusali, yeye hawezi. Baba akampeleka nguruwe, akarudi, akamkuta padri amekaa juu ya kabati anakula jibini. Akamvusha. Padri alikufa kitandani, mzee kuliko mimi sasa. Mimi nilitumikia misa yake."

Jamani. Mama Furaha ndiye alianza. Alicheka mpaka kilemba kikadondoka. "Mimi naweza kusali, yeye hawezi!" Wakawa wanapokezana, huyu kwa Kiswahili, huyu kwa Kifaransa, mmoja anamwigiza padri, mwingine nguruwe. Mzee Aubrin aliwatazama kwa ukali kwanza. Halafu bega lake likaanza kutikisika. Nikamtafsiria Trevor, na huyo peke yake ndiye hakucheka. Hadithi ya kweli ilikuwa tamu kuliko yake, na miaka yote alikuwa anauza ya uongo.

Mama Nabintu akapiga makofi mara moja, kukawa kimya.

"Tumecheka. Lakini barza haijaisha. Mimi nimeosha wazee wa kizungu miaka mingi, namjua mzee aliyekasirika na mzee aliyeumizwa. Aliyekasirika unampa chai. Huyu hapana. Trevor, omba radhi. Halafu mzee ataje anachotaka."

Trevor alisimama pale na mwavuli wake, jua linawaka. Akatafuta maneno. Kifaransa chote alichokuwa amekidai ofisini kikapungua mpaka likabaki neno moja la kuomba radhi, akalitoa kama mtu anayetapika mwiba wa samaki. Akina mama wakapiga vigelegele. Bata wa mzee wakakimbilia mtoni.

Mzee Aubrin akasimama. Hakutaka fidia wala kinywaji. Alisema, "Kila mtakapokuja, hadithi itasemwa hapa, ndani ya ua wangu, sio kule ukutani. Huyu ataisema. Na huyu," akaninyooshea kidole mimi, "ataniambia kwa Kifaransa kila neno alilosema, nijue. Bila hivyo sifungui." Akatoa ufunguo mfukoni, akafungua mnyororo.

Tulipita mmoja mmoja, kila mama akimshika mkono, akimwuliza usingizi, watoto, magoti. Alikuwa na la kusema kuhusu magoti. Basi lilitusubiri sana siku ile, na dereva alilala vizuri.

Sasa msidhani London walinipa maua. Clive aliandikia ofisi nzima kumshukuru Trevor kwa namna alivyolimaliza tatizo la geti kwa busara. Trevor alisoma ujumbe huo mbele yangu, hakukohoa hata. Ripoti yangu ya mwezi ule ilisema nina matatizo ya kufuata maelekezo. Nilibaki mkia. Siku hizi safari zile zinaongozwa na simu, mtu anajitembeza mwenyewe, na Clive amepandishwa cheo. Haki ipo, vijana, lakini haitembei haraka, na haina mtu wa nyuma wa kuiangalia.

Lakini niwaambie safari iliyofuata. Ilikuwa ya Waingereza, basi limejaa, mvua inanyesha ile ya kulalia. Trevor alikata kona mapema kama kawaida yake, mwavuli mwekundu ukapotea. Mimi nyuma nilikuwa na bibi mmoja mwenye fimbo mbili, na alikuwa ameshaanza kupiga picha kuta.

Tulipoiona nyumba ya mvushaji, wote walikuwa wamesimama getini, wanachuruzika maji. Trevor mbele yao, anatabasamu kwa meno tu. Mzee Aubrin upande wa pili, chini ya paa lake, mkavu, ufunguo mkononi. Alikuwa hamtazami Trevor. Alikuwa ananyoosha shingo juu ya bega la Trevor, anatazama njiani, anauliza kwa Kifaransa ambacho Trevor alianza kukielewa siku hiyo:

"Wa mwisho yuko wapi?"

"Barry!" Trevor akaita. "Barry, haraka!"

Nikamgeukia yule bibi. "Mama," nikamwambia, "mimi nimechoka. Unaonaje tupumzike kidogo?"

Akanitazama, akautazama msafara ule mrefu unaolowa, akafunika kamera yake.

"Kwa furaha," akasema, akakaa.